Mstari Juu ya Jina

Kuna wakati simu yangu ilikuwa na programu nne za kupanga kazi, na kila moja ilikuwa imeniahidi kwamba nikiitii nitakuwa mtu mwenye utulivu. Nilizipakua zote katika wiki moja, nyumbani Kirotshe, ambako mtandao hushika vizuri ukikaa upande wa ziwa. Kilichonisukuma ni aibu. Nilikuwa nimesahau mkutano ambao mimi mwenyewe ndiye niliyeuitisha. Wakulima wanawake walinisubiri asubuhi nzima kwenye uwanja wa kanisa, wamevaa vitenge vyao vya kutokea, nami nilikuwa jikoni natwanga sombe, majani ya muhogo, na kuimba.

Mimi ni agronomi, mtaalamu wa kilimo. Kazi yangu ni kuvizungukia vikundi vya wanawake wanaozalisha mbegu za maharagwe, kutoka vilima vya Masisi hadi msituni Walikale, kwa niaba ya shirika dogo ambalo halina gari. Kwa kazi ya namna hiyo mtu huhitaji kumbukumbu nzuri ama mahali pazuri pa kuiweka. Nilikuwa na madaftari matatu, na lile nililolihitaji lilikuwa daima katika nyumba ambayo simo. Nikaamua kwamba umri wangu haukuwa na kosa, wala akili yangu; kosa lilikuwa la vifaa.

Programu ya kwanza haikufunguka bila mtandao. Nikiwa Kirotshe ilikuwa mtumishi mwema. Nikipanda kuelekea Masisi ilinionyesha duara dogo linalozunguka, na siku mbili baadaye, nikishuka Walikale, duara lilikuwa bado linazunguka. Ya pili ilitaka kila kazi ipewe rangi kulingana na uzito wake. Nilikaa asubuhi nzima nikipaka rangi kwa uaminifu mkubwa, na nilipomaliza kazi zote zilikuwa nyekundu. Ya tatu ilikuwa na kengele na sauti. Jumapili moja, padri akiwa ameinua hostia, mwanamke Mfaransa alisema kutoka kwenye mkoba wangu kwamba ulikuwa wakati wa kupima unyevu wa mbegu. Baada ya misa watu wawili walinisogelea kwa adabu kuniuliza kama mbegu zimekauka.

Tena zote zilikuwa na ugonjwa mmoja, kwa sababu kibodi ya simu ilijua Kifaransa tu. Nikiandika maharagi, jinsi tunavyoyaita huku kwetu, yenyewe iliandika mariages, yaani ndoa, bila kuniuliza. Ndiyo maana mpango wangu wa kwanza ulionyesha kwamba Jumanne nitapeleka Masisi ndoa kilo ishirini. Nilimsomea jambo hilo rafiki yangu wa Walikale kwa simu, nikidhani atanionea huruma.

"Ndoa kilo makumi mbili," alisema. "Ziko za musimu huu ao zile zimeliwa na bidudu?"

Rafiki huyo ni mtu wa Butembo. Tulilala chumba kimoja tulipokuwa chuoni; baadaye mimi nikafuata mashamba, yeye akafuata biashara ya ukoo wake, na sasa ana duka na malori mawili pale Walikale. Hakosi misa ya kwanza, hakopeshi vitabu, na sijawahi kumwona akisahau kitu. Nilipofika kwake na kumwonyesha programu zangu nne, alizitazama kwa muda, akazifuta tatu bila ruhusa yangu, kisha akasita juu ya ile ya nne, ambayo sikuwa nimeijaribu.

"Hii njo iko yangu," alisema. "Haiulize kintu. Unaandika, unagusa, inakata. Kwisha."

Akanionyesha ya kwake. Ilikuwa orodha ya lori, kamiyo kwa lugha ya huku, lililokuwa likipakiwa wakati huohuo nje ya mlango: chumvi, sabuni, mafuta, misumari, mabati, kila bidhaa katika mstari wake. Mpakizi alipopaza sauti kwamba chumvi imeingia, rafiki yangu aligusa neno chumvi, na mstari mwembamba ukapita juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama mtu anayefunga pazia. Neno likafifia, likashuka chini ya orodha. Programu ile haikuhitaji mtandao wala rangi, na haikula betri. Nakiri kwamba sifa hizo zote zilikuwa nzuri, lakini mimi niliichagua kwa ajili ya ule mstari. Kwa mwanamke aliyezoea kazi zisizokwisha, kuona kitu kikikatwa mbele ya macho yake ni starehe.

Sasa niseme jinsi nilivyoitumia, maana kosa liko hapo. Sikuandika kazi, niliandika watu. Chuoni tulifundishwa kwamba mpango mzuri huanza na kitenzi: kupima, kukagua, kupeleka. Mimi niliona huo ni utaratibu wa watu wasiowajua wanaowafanyia kazi. Kwangu jina lilitosha. Nikisoma jina la mama fulani nilijua kwamba kwake kuna ukungu kwenye maharagwe. Nikisoma la mwingine nilijua kwamba ana ugomvi na jirani juu ya mpaka wa shamba, na kwamba nisipokaa kuusikiliza wote sitaonyeshwa mbegu. Kwa hiyo orodha yangu ikawa safu ya majina ya akina mama, kutoka ziwani hadi msituni, na kila nilipoondoka kwa mmoja nililigusa jina lake na kuutazama mstari ukipita. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mtu mwenye furaha sana barabarani.

Ndipo nikafika Mpofi, kijiji kilicho njiani kuelekea Walikale.

Kikundi cha Mpofi kina mwanamke mmoja ambaye wenzake humwita mama wa mbegu. Cheo hicho hakina mshahara. Yeye ndiye anayetunza nyumbani kwake mbegu ya kikundi kizima kutoka msimu hadi msimu. Huchagua maganda yaliyo bora, huyakausha, huiweka mbegu katika bidoni, madumu ya plastiki yaliyofungwa vizuri, na siku ya kupanda humpimia kila mwenzake sehemu yake. Huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo misimu mingi. Mume wake alikuwa amemjengea kijumba cha udongo chenye dari ya mianzi kwa ajili ya bidoni hizo tu, na nadhani kijumba hicho kilikuwa kikavu kuliko nyumba wanayolala. Ni mwanamke mfupi, msema machache, anayesoma polepole kwa kufuatisha kidole, na aliyechelewa kujifunza kusoma kiasi kwamba hadi leo hapiti karibu na maandishi bila kuyasoma.

Siku ile tulihesabu pamoja mbegu mia moja tulizokuwa tumeziotesha kwenye mchanga. Sita tu ziligoma kuota. Nilifurahi kiasi kwamba niliitoa simu hapohapo uani na kulikata jina lake. Kisha nikawafungulia akina mama wenzake waliokuwa pale uani picha ya jani la maharagwe lenye madoa, ili wajue ugonjwa wa kuuangalia, na simu ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Mahali fulani kidole cha mtu kiliifunga picha, na orodha ikajitokeza. Simu ilipomfikia mama wa mbegu, alikaa nayo muda mrefu. Nilidhani anayachunguza madoa ya jani. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Iko na mambo mingi hii telefone yako," alisema.

"Iko nanisaidia sana, mama."

"Minaona."

Alinisindikiza hadi barabarani kama kawaida yake, lakini hakuniuliza nitarudi lini. Jambo hilo nalikumbuka sasa. Siku ile nililipita tu, kwa sababu nilikuwa nimeshamkata na akili yangu ilikuwa kwa mwanamke anayefuata.

Siku mbili baadaye nilikuwa Walikale, nimekaa juu ya gunia la chumvi dukani kwa rafiki yangu, simu ilipolia. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha Mpofi, ambaye sote twamwita Mama Prezida.

"Mama Agro, habari ya safari?"

"Muzuri, Mama Prezida."

"Tulikuwa tu nauliza kama ule mama mupya wa mbegu tutamuchagua siye wenyewe, ao uko na muntu wako."

"Mama mupya kwa nini? Wa zamani iko mugonjwa?"

"Apana. Iko muzima. Si ulimukata mu listi?"

"Listi gani?"

"Ya mu telefone. Aliona na macho yake. Jina yake iko na mustari juu, ya siye wengine wa huku haina. Hakugomba na muntu. Ametoa bidoni zote mu nyumba yake, amezileta kwangu. Na kwangu, unajua vile iko navuya. Kesho tuko nakutana kwa kuchagua mwengine."

Nikaanza kueleza, lakini betri yake ilikuwa imefika mwisho na sauti ikakatika katikati ya neno. Nilipiga tena mara tano. Simu ilikuwa imezimwa.

Msomaji asiye wa huku huenda akashangaa kwamba mtu anaweza kukiacha cheo alichokipenda kwa sababu ya mstari kwenye kioo cha simu. Lakini watu wa Masisi na Walikale wameandikwa kwenye orodha mara nyingi kuliko watu wengi ninaowajua. Tumeandikwa tulipokimbia na tulipokimbiliwa, kwa ajili ya chanjo, kura, unga, mablanketi, majembe. Kila aliyewahi kusimama mbele ya meza yenye orodha anajua maana ya jina lenye mstari: hilo halisomwi. Mwenye nalo hujitenga pembeni kabla hajaambiwa. Nilikuwa nimeyajua hayo yote. Nilikuwa hata nimewahi kushika kalamu kwenye meza hizo, miaka ya nyuma, na bado nilikuwa nimesimama uani kwa mwanamke yule na kulikata jina lake huku natabasamu.

Nilimweleza rafiki yangu. Aliweka mizani chini.

"Dada, weye uliweka bantu mu listi ya sabuni."

"Si weye njo ulinipatia?"

"Nilikupatia ya sabuni. Sabuni inakatwa juu imeingia mu kamiyo. Sasa muntu akikatwa, ameingia wapi?"

Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akatoka nje mwenyewe kunitafutia pikipiki ya asubuhi, akachagua yenye tairi mpya, na akamwonya dereva kwamba anabeba mgonjwa wa akili, aende polepole kwenye madaraja.

Tulifika Mpofi vumbi likiwa limenifunika hadi magotini. Akina mama walikuwa wameshakaa uani kwa Mama Prezida. Bidoni za mbegu zilipangwa chini ya ukingo wa paa, na mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yakijikusanya upande wa msitu. Nyumba ile yavuja kweli, na mbegu iliyolowa kabla ya siku ya kupanda ni chakula tu, tena chakula kibaya. Mama wa mbegu alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na njia, kama mgeni anayetaka kuondoka mapema.

Sikungoja salamu zote ziishe. Nilisimama na kusema kwamba mstari ule haukuwa wa kumwondoa mtu. Maana yake, nilisema, ni kwamba kwa mama huyu nimekwisha.

"Umekwisha nini?" akauliza mmoja.

"Nilikwisha kumuona. Kazi yake imekwisha."

"Njo vile alisema," Mama Prezida aliwageukia wenzake. "Kazi yake imekwisha."

"Apana, si kazi yake ya mbegu. Kazi yangu kwake. Yeye, mu telefone, amekwisha."

"Mama amekwisha?" alisema yule wa kwanza, akageuka kumtazama mama wa mbegu kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mbona iko napumua?"

Wakacheka. Nimesoma miaka mingi na nimefundisha kwa lugha tatu, lakini mchana ule kila neno nililolichukua lilikuwa na makali upande usiotakiwa. Nikaacha maneno. Nilipita katikati yao hadi nyuma, nikachuchumaa mbele ya mama wa mbegu, nikafungua orodha. Jina lake lilikuwa pale chini, limefifia, na mstari wake. Nililigusa. Mstari ukaondoka na jina likapanda juu, jeusi, kamili.

Alilitazama. Kisha akanyoosha kidole chake na kuligusa yeye mwenyewe, na mstari ukarudi. Akaligusa tena, ukaondoka.

"Kumbe inarudi," alisema.

"Inarudi, mama."

"Saa yoyote?"

"Saa yoyote. Ni kugusa tu."

Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia safari ya sokoni, kwamba walipokuwa wamekimbilia upande wa ziwa, siku moja ya kugawa unga, alikwenda kuchota maji, na aliporudi jina lake lilikuwa limeshaitwa na kukatwa. Kijana wa orodha alikuwa na telefone kubwa kama ubao wa shule. Alimwomba. Kijana akamwambia kwamba jina likikatwa ndani ya mashine halirudi, hata yeye hawezi, hata wakubwa wake hawawezi. Basi akaondoka, na hakumwomba mtu tena jambo la orodha tangu siku hiyo.

"Alikuwa anaweza," alisema sasa, akigusa na kugusa. "Ule mutoto. Alikuwa anaweza."

"Alikuwa anaweza, mama."

"Alinidanganya na sura muzuri vile."

Na akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini kilimtoka tumboni, na wenzake, ambao nadhani hawakuwahi kuisikia habari ile, walimgeukia mmoja baada ya mwingine. Mama Prezida alisema kwamba kama hivyo ndivyo, mkutano wa kuchagua hauna kazi, mama arudi mahali pake na bidoni zirudi kwake kabla ya mvua.

"Bidoni zirudi," alisema mama wa mbegu. "Lakini miye mu telefone sirudi."

Nilidhani amenikataa.

"Andika mbegu," akaendelea. "Mbegu ukate sawa unapenda, haitauliza. Jina yangu uache inje."

Akanishikisha simu yangu. Pale pale, nimechuchumaa kwenye vumbi, nililifuta jina lake, kisha la pili, kisha yote, na kwa kuwa nilikuwa sasa na orodha tupu akina mama waliona kwamba inafaa kujazwa. Kila mmoja alikuwa na lake la kuniandikisha.

"Andika: kuangalia maharagi ya Mama Prezida, iko naoza."

"Haiko naoza. Andika iko na baridi."

"Andika kuleta ile dawa ya panya uliahidi."

"Andika pia kufika saa ile ulisema. Iyo usikate mbio."

Niliandika yote, kila moja na kitenzi chake mbele, kama nilivyofundishwa zamani na kudharau. Orodha ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine angeweza kuisoma akajua ninachopaswa kufanya. Hadi leo naitumia programu hiyohiyo. Hakuna jina la mtu ndani yake. Rafiki yangu wa Walikale hudai kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, na mimi humwacha adai.

Upepo ulipoanza kuinua vumbi la uani, tulizibeba bidoni. Mama wa mbegu alitangulia kufungua kijumba chake, nasi tukafuatana kwenye kinjia, kila mmoja na bidoni kichwani, nami yangu mikononi kwa sababu sijawahi kuimudu kichwani, jambo lililowapa wenzangu la kusema njia nzima. Yeye alisimama ndani akizipokea na kuzipanga kwa utaratibu anaoujua peke yake. Matone ya kwanza yaliligonga bati la jirani wakati namkabidhi ya mwisho. Aliitikisa kidogo, akasikiliza.

"Hii kifuniko haikamate muzuri. Andika."

Niliandika. Akaitaka simu, akafuatisha maneno kwa kidole, akiyatamka moja moja: kukaza kifuniko cha bidoni. Akaridhika, akaniwekea bidoni miguuni. Nilikaza kwa nguvu zangu zote. Alikijaribu kifuniko kwa kiganja, kushoto na kulia, hakikusogea.

Akanirudishia simu.

"Sasa kata," alisema.